Namba Tisa kwa Nelumi

Ukitaka kumuudhi Sunimal Tissera, mtajie uzito wako. Hakupenda kutajiwa. Alipenda kukutazama unavyoteremka garini, unavyoburuta begi lako mchangani, kisha akutajie yeye: "Sabini na mbili. Mwaka jana ulikuwa sabini." Wageni walicheka, wakaenda kupanda mizani ya jikoni ili wamkamate uongo, na mizani ikasema yale yale.

Kazi yake pale kambini Kalpitiya ilikuwa hiyo, kumchagulia kila mtu tiara ya kumvuta majini. Ziwa la chumvi liko mbele, bahari iko nyuma ya ukingo wa mchanga, na kati ya Mei na Oktoba upepo unavuma kama umeajiriwa. Mtu anajifunga mkanda kiunoni, anasimama juu ya ubao, tiara inamburuta juu ya maji. Tiara zina namba kwa ukubwa wa kitambaa: saba, tisa, kumi na mbili. Ndogo mno, mtu anazama kwenye maji ya magotini kama gunia la chumvi. Kubwa mno, mtu haendi anakotaka, anaenda inakotaka tiara.

Hilo la kubwa mno Sunimal alilijua kwa magoti yake. Vijana wa kwao walijifunzia tiara walizoachiwa na wageni, na mgeni hakuachii ndogo, ndogo ndizo anazozipenda. Anaacha kumi na mbili iliyochanika. Sunimal aliishona yake kwa uzi wa gunia la mchele, akaipandisha siku ya upepo mkali kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama, na ikamburuta kwenye chaza na mawe mpaka magoti yote mawili yakaonyesha nyama. Makovu yalibaki. Toka hapo akawa mwalimu wa namba, na hakuna aliyemfikia.

Hakuna, mpaka Nelumi.

Nelumi Croos alimjia akiwa na miaka kumi na minne, binti wa mwanamke anayeanika samaki ng'ambo ya kanisa. Sunimal ndiye aliyemfunga mkanda mara ya kwanza. Ndiye aliyemwonyesha kuusoma upepo kwenye nyavu zinazofunika samaki wa mama yake: zikipumua, chukua kubwa, zikipiga makofi, chukua ya kati, zikitaka kung'oka, chukua ndogo na uombe. Kila mwaka mpya wa kwao, mwezi wa Aprili, Nelumi alimletea bunda la majani ya tambuu, akapiga magoti, akagusa miguu yake kama mwana kwa mwalimu. Na kila siku ya kazi, Sunimal alipomkabidhi tiara, aliipokea kwa mikono miwili bila kuutazama upepo. Mwalimu keshachagua, atazame nini?

Sasa ana miaka ishirini na mitatu, na wageni wakishuka garini wanauliza, "Nelumi yuko wapi?"

Mara ya kwanza Sunimal alijifanya hakusikia. Mara ya pili alisikia vizuri sana. Ilikuwa mama mmoja Mjerumani, kilo sitini na nane, na Sunimal alikuwa ameshamtolea namba tisa. Nelumi akamkalisha mama yule kwenye benchi, akamuuliza amelalaje, bega lile lililoteguka mwaka juzi linasemaje, na leo anataka kwenda mbali au kucheza tu. Kisha akaja stoo.

"Mwalimu, naomba umpe saba. Anaogopa, ila anaona haya kusema."

"Kwa uzito wake ni tisa."

"Ni tisa kweli, mwalimu. Lakini bega ni la saba."

Mama akapewa saba. Alirudi saa kumi akiwa na uso wa mtoto aliyetoka kwenye pembea, akamkumbatia Nelumi, na Sunimal akawa anakunja kamba ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na ulipoingia haukubisha hodi. Nelumi angekuwa amemwibia maarifa, ungekuwa ugomvi wa kawaida wenye maneno yake. Lakini kuuliza watu wamelalaje, hilo hakumfundisha mtu. Alikuwa nalo mwenyewe. Sunimal aliupekua moyo wake mzima akitafuta siku aliyomfundisha hilo ili alidai liwe lake, na hakuiona.

Akaanza vijambo vidogo vya aibu. Nelumi akisema tisa, yeye alisema kumi na mbili, huku anajua kabisa kwamba ni tisa. Alisahau kumwambia kwamba kuna mgeni anamngoja. Alimsifu mbele za watu kwa namna ile ya kumshusha: "Kwa msichana, anajitahidi."

Mkewe Dulani, aliyekuja kila adhuhuri na wali uliofungwa kwenye karatasi, dengu upande mmoja na nazi ya pilipili upande wa pili, alimtazama siku moja anavyotafuna.

"Unamtafuna nani?"

"Nakula."

"Unatafuna mtu. Ni yule binti?" Akakaa kwenye mchanga, akacheka. "Suni, hiyo ni roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini yeye! Umemlea mwenyewe. Ulitaka awe mjinga ndiyo ufurahi?"

"Nenda nyumbani, Dulani."

"Naenda. Maliza wali."

Madamu Charmaine ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto huo, bila kujua. Ndiye mwenye kambi, anakaa mjini Negombo, na tiara hazijui; anajua vitanda, mashuka na malalamiko. Alikuja baada ya sikukuu ya kanisa la Talawila akasema anataka mkuu mmoja wa walimu, atakayeshika ufunguo wa stoo na kusema la mwisho. Alimtazama Sunimal, akamtazama Nelumi.

"Jumamosi mnawapeleka wageni ng'ambo ya ziwa. Nelumi ataongoza majini, Sunimal atapanga tiara na kusimamia pwani. Nitakaa hapa nione. Jioni nampa mmoja wenu ufunguo."

Miaka kumi na minane Sunimal alikuwa akiomba ufunguo huo kila asubuhi kwa mtu wa jikoni, asaini daftari, aurudishe jioni. Usiku ule wa Ijumaa alilala nao kichwani bila kuwa nao mkononi.

Jumamosi saa sita nyavu za samaki zilipiga makofi. Saa sita na nusu zilikuwa zinataka kung'oka. Sunimal aliwapangia wageni sita tiara zao, kila mmoja yake, na hakukosea hata moja, maana mkono wake ulikuwa mwaminifu kuliko yeye. Ikabaki ya Nelumi.

Nelumi ni kilo hamsini na mbili. Kwa upepo ule ilikuwa saba, na ya kuombewa. Nje, Farzan, baba wa watoto wanne ambaye kazi yake ni kuwashikia watu tiara zikiruka, alikuwa ameshaijaza upepo saba ya Nelumi bila kuuliza mtu, ameilaza mchangani, ameiwekea mchanga juu isiondoke. Hata Farzan aliona.

Sunimal alisimama mbele ya rafu. Hakutaka Nelumi aumie, hilo aliliapa baadaye, na mimi namwamini. Alitaka aanguke. Mara mbili tu, au tatu, mbele ya Madamu, miguu juu, watu wacheke. Mkono wake ukaenda kwenye tisa, ukasita, ukaishika.

"Mwalimu, namba ngapi leo?" Nelumi alikuwa mlangoni, wageni nyuma yake, Madamu kule mbali kwenye kiti chake chini ya mwavuli.

"Tisa."

Nelumi aliona namba iliyoandikwa kwenye mfuko.

"Tisa, mwalimu?"

"Upepo utatulia. Au unataka kunifundisha?"

Wageni walikuwa wanasikiliza, japo lugha hawakuielewa. Kwao akina Nelumi mtu hambishii mwalimu wake mbele za wageni, hata kama nyumba inaungua. Nelumi akanyoosha mikono miwili, akaipokea, na kama siku zote hakugeuka kuutazama upepo.

"Asante, mwalimu."

Farzan alimtazama Sunimal, akatazama ile saba mchangani. Kisha akaenda kuishika tisa.

Robo saa ya kwanza Nelumi alimtia Sunimal wazimu, kwa sababu hakuanguka. Mwili wote ameulaza nyuma, visigino vimekata maji, anaizuia tisa kwa nguvu za kiuno na ukaidi, na bado anageuza kichwa kuwahesabu wageni wake. Madamu alipiga makofi. Sunimal alisikia kila kofi mgongoni.

Ndipo mzee mmoja wa Kipolandi akapoteza ubao wake katikati ya ziwa, tiara yake ikalala majini, na akaanza kusukumwa kuelekea kwenye vigingi vya mitego ya samaki. Nelumi akamfuata. Alimfikia, akamwambia ashike mkanda wake kwa nyuma, akageuza tiara kumrudisha. Wakati huohuo ikaja dharuba. Tisa ikamnyanyua pamoja na mzee, ikawatupa, ikawaburuta. Upande wa vigingi.

"Aiachie!" Madamu alisimama. "Kwa nini haachii?"

Sunimal alijua kwa nini. Kuna kitu cha kuvuta kwenye mkanda, na ukikivuta tiara inakatika nguvu mara moja. Lakini akikivuta, yeye na mzee wanabaki mikononi mwa maji yanayokwenda kwenye vigingi. Hataachia. Mzee yule angemwachia nani, yeye mwanafunzi wa Sunimal, aliyefundishwa kwamba mgeni kwanza?

Magoti yakamwasha, yote mawili, kwenye makovu.

Alikimbia. Tiara iliyojazwa ilikuwa moja tu pale pwani, ile saba. Alifunga mkanda huku anakimbia, na Farzan alikuwa ameshaishika, kana kwamba alikuwa anamngoja.

Sasa sikiliza. Sunimal ana kilo themanini na nne. Siku ya upepo wa kawaida, saba haimtoi hata kwenye maji ya vifundo. Siku ile ilimwondoa mchangani kama kikaratasi, ikampeleka ziwani kwa kasi ambayo hajawahi kuipata, na kila aliyejua tiara pale pwani alikuwa anaona kwa macho yake: kama saba inambeba huyu bonge, basi yule binti alipewa nini?

Aliwafikia hatua kumi kabla ya vigingi. Akamchukua mzee. Nelumi, alipobaki peke yake, akavuta kile kitu, tisa ikaanguka, naye akapigwa na kigingi kimoja begani kabla hajakishika. Alirudishwa na mashua ya wavuvi, amekaa wima, damu inatiririka mpaka kiwikoni.

Madamu akamwendea. "Nani aliyekuchagulia tiara kubwa hivyo? Huyu mgeni ananiambia ilikuwa kubwa mno!"

Sunimal alifungua mdomo. Naapa aliufungua. Lakini Nelumi alimtangulia, na hakumtazama.

"Mimi, Madamu. Niling'ang'ania tisa mwenyewe. Nilikosea."

Yule mzee wa Kipolandi akaanza kumpigia Sunimal makofi, wageni wakafuata, wakampiga mgongo wakimwita shujaa. Sunimal akaufunga mdomo wake.

Farzan alimpita akiwa amebeba saba begani. Alisema taratibu, kwa sikio moja tu:

"Kaka, umeruka vizuri. Yeye ni mwepesi kuliko wewe kwa uzito wa mtoto wangu mzima."

Jioni akapewa ufunguo. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka.

Dulani alimwuliza mbona amepata na amenuna. Hakumwambia. Jumapili alikwenda misa, akapiga magoti, na akajikuta hata pale anamwonea Nelumi gere: yeye alikuwa na siri ya kumwaibisha mwenzake, na alimsitiri. Moyo kama ule unapatikana wapi? Huo nao hakuwa amemfundisha.

Jumatatu alifungua stoo mapema. Alikuwa amepanga maneno. Nimekosa, Nelumi. Si wewe, ni mimi. Nitamwambia Madamu. Aliyarudia akifagia mchanga mlangoni, yakawa mepesi kabisa, mpaka alipomwona Nelumi anakuja na bega limefungwa bendeji nyeupe, akayaacha yote pale mlangoni.

"Umeamkaje?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza mtu hivyo mlangoni pale.

"Salama, mwalimu. Linauma kidogo. Nitaenda na mgeni mmoja tu, hapa karibu." Akasimama mahali pake pa siku zote. "Namba ngapi leo?"

Sunimal aliutazama upepo kuliko alivyowahi kuutazama maishani. Alitazama nyavu, alitazama maji, alitazama bendeji. Ilikuwa saba. Ilikuwa saba ya kweli, isiyo na doa, saba ambayo angeweza kuiapia madhabahuni. Akaitoa kwenye rafu, akampa kwa mikono miwili, yeye mwalimu.

"Saba."

Nelumi alinyoosha mikono yake miwili kwa heshima ileile. Kisha, kabla ya kuupokea mfuko, akageuza uso wake kwenye nyavu za mama yake, akautazama upepo.