Aliyemfungua Tingatinga

"Nani amemfungua Tingatinga?"

Nakumbuka Baba akiniuliza swali hilo Jumamosi moja asubuhi, amesimama penye mlango wa zizi, Biblia kwapani, akitoka kwenye maombi ya alfajiri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ghasia, kama ilivyotokea mara nyingi miaka ile ya tisini, nami nilikuwa nimerudi kwetu, upande wa Shinyalu, na sanduku la vitabu na maswali yasiyoisha. Kwa kila jambo nilikuwa na hoja. Kwa hilo moja nilisema tu, "Sijui."

Mwanangu, kwanza nikueleze ng'ombe huyo alikuwa nani. Kwetu Kakamega fahali wa kupigana hafugwi kama ng'ombe wengine. Ana banda lake, halimi, na siku ya pambano wanaume humsindikiza kwa ngoma za isukuti tangu nyumbani hadi uwanjani. Akishinda, ukoo mzima umeshinda. Tingatinga tuliachiwa na Babu, na hakuwa amewahi kumkimbia fahali mwenzake.

Kisha Baba akaokoka. Kabla ya kila pambano mganga alikuwa akija kumpaka ng'ombe dawa kwenye pembe na kumnywesha pombe kali ya chang'aa. Baba akasema dawa hiyo haitaingia tena bomani kwake. Akamfunga Tingatinga nira, akaanza kulima naye.

Watu walianza kwa kucheka. "Sasa ndiyo tingatinga kweli," walimwambia njiani. "Mchungaji, dizeli unaweka wapi?" Baba hakuwa mchungaji, alikuwa mkulima anayesoma polepole kwa kidole. Baada ya kicheko ikaja baridi. Kulima kunataka ng'ombe wawili, na majirani wote walikataa ng'ombe wao afungwe pamoja na wetu. Ni Mama Rasoa peke yake, mjane aliyekuwa karani wa kanisa letu, aliyetuletea dume lake. Mama yangu akaacha kusalimiwa kwenye chemchemi. Halafu siku moja Baba akaja nyumbani na damu kwenye ukosi wa shati, amepigwa jiwe.

Jioni hiyo, kabla ya kula, alimwombea kaka yake kwa jina. Huyo kaka yake, Baba Mkubwa Muchesia, ndiye aliyekuwa akiwachochea vijana.

"Unamwombea mtu anayetaka kukuua?" nilimuuliza, ugali ukipoa.

"Nisipomwombea nitamchukia. Na kuchukia, binti yangu, kunachosha kuliko kulima na ng'ombe mmoja."

Niliona ni maneno ya mtu asiye na mpango. Nami nilipenda mipango.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa ukoo akafariki, na ikasemwa kwamba baada ya mazishi kutakuwa na pambano la kumuaga. Baba Mkubwa alikuja, akakataa kiti.

"Jumamosi ng'ombe atoke," alisema. "Asipotoka, mimi vijana sitawaweza. Na nyasi za nyumba yako naona zimekauka."

"Karibu chai, kaka," Baba akasema.

"Chai yako tutakunywanga ukirudi kuwa mtu."

Nilihesabu mambo kama nilivyofundishwa. Upande mmoja ng'ombe, upande wa pili nyumba, na Mama, na kichwa cha Baba ambacho kilikuwa bado na kidonda. Jumamosi, Baba alipokwenda kwenye maombi, nilivaa raba zangu za chuo, nikaingia zizini kwenye tope, nikamfungua Tingatinga na kumkabidhi Baba Mkubwa kamba nje ya lango. Alicheka.

"Kumbe masomo yanasaidianga," alisema.

Kwa hiyo Baba aliporudi na kuuliza, nikasema sijui. Aliitazama nguzo, akatazama chini, akaingia ndani kukaa na Mama.

Sikwenda uwanjani. Nilisikia ngoma kwa mbali, halafu nikasikia zimenyamaza. Tingatinga alikuwa amekonda kwa jembe na shingo yake ina kidonda cha nira. Alitobolewa tumbo, wakamchinja palepale. Saa saba mchana vijana walikuja kwetu wamelewa, wakisema Baba amemharibu ng'ombe wa ukoo kwa maombi yake. Walimvunja mkono wa kulia. Waliwasha nyumba. Vitabu vyangu viliungua, na Biblia yake ikaungua, na Mama alisimama kwenye ua ameshika sufuria moja. Nilimtoa ng'ombe ili nyumba ipone, tukakosa vyote viwili.

Mama Rasoa akatupokea. Baba alikaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa kanga, akisema zaburi moja baada ya nyingine bila kitabu. Sikujua kwamba alikuwa amezishika kichwani. Alipomaliza akawataja wale vijana, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Hasira ikanipanda.

"Huyo Mungu wako amekusaidia nini leo?"

"Sijawachukia," akasema. "Asubuhi nilidhani nitawachukia."

Baada ya wiki mbili chuo kilifunguliwa nikaondoka. Barua za nyumbani zilisema wote wazima, mahindi yameota.

Mwanangu, mimi bado ni mtu wa maswali, na sijapata anayenijibu kwa nini jiwe lile halikuzuiwa hewani. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ukiomba hutapigwa. Ninalokuambia ni nililoliona. Ukipingwa kwa ajili ya imani yako, usidhani utamtuliza anayekutisha kwa kumpa kile ulichokataa kumpa jana. Atakichukua, kisha atarudi. Jaza kichwa chako maneno ya Mungu ungali na amani, maana kitabu kinaweza kuungua. Usikae peke yako. Mtafute Mama Rasoa wako, atakayefunga ng'ombe wake pamoja na wako watu wakitazama. Mtaje adui yako kwa jina mbele za Mungu, hata kama sauti inakwama. Hilo huenda lisimbadilishe yeye, ila wewe litakuhifadhi. Na kama unayempenda ndiye anayepingwa, usimwamulie kwa woga wako. Kaa naye. Mimi nilishindwa hilo moja tu, kukaa naye.

Mungu akupe shingo isiyopinda na moyo usiooza. Akupe usingizi kati ya wanaokuchukia, na meza ambayo hata wao siku moja wataiketia.

Limebaki jambo moja. Baba alipokwisha kuzikwa, miaka mingi baadaye, Mama Rasoa aliniita kwake. Alikuwa haoni vizuri tena. Akanipa kitabu cha zamani cha kanisa, akaniambia nisome ukurasa aliokuwa ameukunja. Pale palikuwa na jina la Baba, limeandikwa kwa mwandiko wa Mama Rasoa mwenyewe: ametengwa na meza ya Bwana mwaka mmoja, kwa kosa la kumtoa fahali wake apakwe dawa na kupigana. Baba Mkubwa alikuwa ametangaza kila mahali kwamba ng'ombe alitolewa na mwenyewe. Wazee wa kanisa walimuuliza Baba kama ni kweli, naye akawajibu kwamba ng'ombe ni wake na zizi ni lake. Mwaka mzima aliketi benchi la nyuma, ukoo umemtupa huku na kanisa limemweka kando kule.

"Mimi peke yangu aliniambia," Mama Rasoa alisema. "Asubuhi ile ile aliziona alama za raba kwenye tope. Pale kwenu nani mwingine alikuwa na raba?"

Chini ya ukurasa kuna sahihi ya Baba, herufi zimelala upande, kwa sababu aliiandika kwa mkono wa kushoto.