Volkano za Mtama Pale Iguguno

Sisi tuliosoma wakati wa Mwingereza tunazikumbuka shule zisizokuwa na ramani ukutani. Kwetu Iguguno dunia tuliichora chini. Tuliukandika uwanja kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama tulivyofanya nyumbani kabla ya kupura mtama. Ulipokauka ulikuwa mgumu, wenye harufu ya zizi la asubuhi. Mwalimu alifungua atlasi yake moja iliyochakaa, nasi tukachora mabara kwa majivu. Kila penye volkano tukaweka punje ya mtama mwekundu.

Dada yangu Mariamu alikuwa darasa la nne. Baba alikwisha kuamua kwamba akimaliza mwaka ule atarudi kuchunga mbuzi. "Msichana akijua kusoma barua inatosha," alikuwa akisema. Mwalimu alimsihi aje kwanza siku ya wazazi, amwone Mariamu akionyesha volkano za dunia.

Siku hiyo, tukiwa bado tunakunywa uji, kuku wa mke wa mwalimu waliingia uwanjani. Tulipotoka, Italia ilikuwa imekwisha kuliwa, Japani pia, na jogoo alikuwa anamalizia Java. Wazazi walikuwa wamekaa tayari.

"Mwalimu, moto wako umezimwa na kuku," mzee mmoja akasema. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Mariamu alipiga goti, akamwamkia baba shikamoo, kisha akachota mtama na kuanza upya bila atlasi. Alianzia Nyuzilandi, akapanda Java, Ufilipino na Japani, akazunguka kaskazini, akateremka na pwani ya magharibi ya Amerika zote mbili. Punje zikaizingira Bahari ya Pasifiki.

"Hilo ni boma," baba akasema.

"Ndiyo, baba. Boma la moto."

"Lango lake liko wapi?"

Mariamu alitazama kidogo, akaweka kidole kusini. "Huku, baba. Huku punje zinakoma."

Baba akachuchumaa kando yake. "Na sisi je?"

Mariamu akaweka Kilimanjaro, akaweka Meru, halafu punje moja karibu kabisa na kwetu. "Hanang."

Baba aligeuka kuutazama mlima ule kwa mbali. Kila msimu aliutazama kujua kama mvua inakuja. "Nimezeeka naye jirani huyu," akasema, "kumbe ni jiko." Alipoinuka alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Mbuzi nitachunga mwenyewe."

Leo wanangu wana atlasi za rangi, kila mmoja na yake. Ukiwauliza volkano ziko wapi, wanakutajia ukurasa. Sibishi, ramani zao ni sahihi kuliko yetu, wala hakuna kuku anayeweza kuzila. Ila sijaona tena mzazi akichuchumaa chini kumwuliza mtoto wake swali. Siku hizi tunaletewa daftari, tunatazama alama, tunalirudisha.