Mafuta ya Kondoo Magotini

Juzi, hospitalini Arusha mjini, daktari anayetafiti maradhi ya viungo vya watoto alimuuliza binti yangu, "Asubuhi magoti yanakaza?"

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwa bibi, kijijini Oldonyo Sambu. Magoti yangu yalikuwa yamevimba, naye akayapaka mafuta ya kondoo yaliyochacha, kisha akayafunga kwa kipande cha ngozi mbichi. Nzi wakajaa. Mafuta yalinitiririka hadi vidoleni, nikatapika.

"Vumilia, mjukuu wangu," alisema bibi, "hiyo ni baridi inatoka."

Mimi niliamini uvundo ule ulitoka ndani yangu, kwamba nilikuwa naoza na wakubwa walinificha.

Leo najua ugonjwa huo haunuki. Lakini binti yangu alipojibu, "Yanakaza," nilijikuta nimeinama, nanusa magoti yake.