Zamu ya Maji ya Ghaniya

Ghaniya binti Marzouq alizaliwa Unguja, akaja Bidiya, Omani, akiwa mwari, baba yake aliporudi kwenye shamba la mitende la wazee wake. Wanawake wa mtaa walimcheka Kiarabu chake. Alijua kuchagua tende kabla hajajua kuwajibu.

Mzee Marzouq alipofariki, shamba liligawiwa kwa sheria: mafungu mawili ya Hood, mdogo wake Ghaniya mwenye kazi serikalini Maskat, na fungu moja lake yeye. Msibani, macho yangali yamevimba, Ghaniya alitia sahihi kumpa Hood idhini ya kumsimamia mambo yote ya urithi. Alikuwa ndugu yake pekee. Angempa nani mwingine?

Kisha wakaja watu wa kambi za watalii, wakaanza kununua. Jirani wa kaskazini akauza kwanza. Winchi ikang'oa mitende yake mizima mizima, ikapakiwa malorini imefungwa magunia vichwani. Baadaye akauza wa mashariki. Upande ule hapakubaki kitu cha kuzuia mchanga wa jangwani. Ghaniya akifagia ua asubuhi, jioni mchanga umerudi.

Siku moja Hood akaja.

"Shikamoo, Da Ghaniya."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kuuza?"

Hood alicheka, lakini hakukaa. "Mafungu yangu nimeshauza. Wanataka na lako. Utabaki hapa na nani?"

"Na mitende ya baba."

"Haya, Da. Mimi sikulazimishi."

Kukubali kwake upesi namna ile ndiko kulikomtia Ghaniya baridi.

Zamu yake ya maji ilipofika, alikaa kando ya falaji, mfereji wa kale unaonywesha mashamba yote ya pale, akasubiri. Maji yakaja, yakafika penye mlango wa shamba lake, yakapita. Yaqoob, msimamizi wa falaji, alisimama ameinamisha kichwa.

"Yaqoob, umesahau kunifungulia?"

"Sikusahau, bibi. Maji yako yameuzwa."

"Nani kauza?"

"Ndugu yako. Hapa ardhi huuzwa mbali, maji mbali. Ameuza maji yote ya mzee, na fungu lako humo humo. Alikuja na ile idhini uliyompa. Mimi ningesema nini?"

Ghaniya akampigia Hood simu.

"Ardhi yako ipo, Da Ghaniya," Hood akasema kwa upole. "Hakuna aliyeigusa."

"Kule Unguja walikuja watu wana bunduki, wakatutoa shambani. Wewe umekuja na shikamoo."

Ghaniya akakata simu.

Alikwenda mahakamani Ibra, peke yake, kwenye teksi. Kesi ikaburuta kiangazi kizima. Mitende ikaanza kukauka kutoka ukutani kuja ndani, makuti yakining'inia kama mikono iliyovunjika. Akaleta maji ya tangi, mchanga ukayanywa. Usiku aliweza kusikia jenereta za kambi zikinguruma pale yalipokuwa mafungu ya Hood.

Mwishowe hakimu akamrudishia fungu lake la maji. Hood hakuja mahakamani, wala hajampigia simu tangu siku ile. Sikukuu zinapita. Mitende iliyopona ni michache, lakini inazaa, na Ghaniya anaitazama kila siku kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Ijumaa iliyopita binti yake, Alyaa, alikuja kutoka Nizwa na mumewe, Hamoud. Walipokwisha kula, Hamoud akatoka nje, akaufuata ukuta polepole, akipiga picha kwa simu. Mitende hakuipiga. Alipiga barabara, na mpaka wa kambi.

"Mama," Alyaa akasema huku akiosha vikombe, "umechoka. Njoo ukae kwetu. Mambo ya shamba tutaangalia sisi, wallahi."

Kutoka dirishani Ghaniya alimwona mkwewe amesimama, akipima uwanja kwa macho.

"Nitafikiri, mwanangu," akasema. Akajitanda mtandio wake, akatoka kwenda kumwita Hamoud aje anywe kahawa.