Bahasha Isiyo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Likoni, sikuruhusiwa kugusa hata kidonge kimoja. Mfamasia mkuu, mzee mfupi mwenye miwani ya kamba, alinipa kalamu na rundo la zile bahasha ndogo za kaki tunazotilia dawa. Kila moja ilitaka mambo manne: jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo, na saa ya kumeza.

"Binti, mgonjwa akishatoka dirishani hutamfuata," aliniambia. "Bahasha ndiyo itakayomsemea. Usiitume bubu."

Nilicheka kichinichini. Nilikuwa na hati yangu mpya ya chuo, nikaona mzee ananipotezea wakati.

Likoni nilikaa miaka sita, Kisauni tisa, kisha nikahamishiwa Changamwe, karibu na bandari ya Kipevu. Huko ndiko nilikotoa kwa wingi dawa za unyogovu, yaani ile huzuni inayomkalia mtu wiki baada ya wiki mpaka chakula na usingizi vinamkimbia. Ni dawa za kuandikiwa na daktari, na maelezo yake nilikuwa nayo ulimini. Usitarajie nafuu ndani ya siku tatu. Vumilia wiki kadhaa. Ukipata nafuu usiziache ghafla, rudi kwa daktari akupunguzie polepole. Usimgawie jirani. Pombe weka kando. Usiongeze dawa nyingine, hata ya maumivu, kabla ya kuuliza. Na wiki za mwanzo awepo mtu wa nyumbani anayejua, maana mawazo ya kujidhuru yakimjia mgonjwa, arudishwe siku hiyo hiyo.

Watu walisikiliza, kisha wakainama na kuninong'oneza: usiandike jina la dawa. Vibarua wa bandarini walikaa wanne chumba kimoja. Mtu akijulikana anameza "za kichwa", msimamizi hamwiti tena kazini. Basi sisi wa dirisha lile tulikuwa na desturi yetu, tunaandika "1 jioni" na hatuongezi neno. Tuliiita kusitiri. Niliikuta, nikaiendeleza, na niliipenda kwa sababu ilinifanya nijione mwema.

Charo alikuwa mpakuaji mizigo, mtu wa Kaloleni, aliyefiwa na mtoto.

"Sista, nisitiri," aliniambia. "Hata mke wangu sijamwambia."

"Mwambie, baba. Dawa hii haifai kumezwa kwa siri."

"Nitamwambia. Lakini wewe usiandike."

Nikaandika "1 jioni". Mwezi wa pili alianza kunitania, akaniletea mabumunda aliyopika mkewe, Kadzo, ambaye hakujua yanakwenda kwa nani. Nilifurahi sana.

Kisha akaumia mgongo kazini. Baadaye wenzake wawili waliomsindikiza duka la dawa walinieleza ilivyokuwa. Muuzaji alimwuliza anatumia dawa gani. Charo akatoa bahasha yangu, haikuwa na jina la dawa, naye kwa kuwaonea haya wenzake akasema ni za tumbo. Akauziwa tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo ikikutana na ile niliyompa yaweza kuleta degedege. Siku ya tatu alianguka.

Asubuhi hiyo mwanamke nisiyemjua alifika dirishani akihema. Alikuwa Kadzo.

"Shikamoo, sista. Hii nimeitoa kwenye ovaroli ya mume wangu. Daktari wa hospitali anataka kujua ni dawa gani. Hili ni dirisha la dawa la nne ninalopitia."

Niliutambua mwandiko wangu. Nikampigia daktari simu, nikamtajia jina la dawa. Charo alikufa jioni.

Muuguzi mkuu wa zahanati aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Hakuna ajuaye kama jina lingemwokoa."

"Wala hakuna ajuaye kama lisingemwokoa," nikamjibu. Desturi ile tukaikomesha siku hiyo. Matangani nilimweleza Kadzo yote. Akainuka akaenda kuosha vikombe.

Mwaka jana nilistaafu. Nyinyi mliokalia viti vyetu, msitirini mgonjwa kwa sauti ya chini, kwa mlango uliofungwa, kwa mfuko usioonyesha kilichomo. Jina la dawa liandikeni. Mzee wa Likoni alinifundisha hilo siku ya kwanza, nami nikalielewa kwa kumzika mtu. Bado naumia, na sitarajii kuacha.

Wiki yangu ya mwisho kazini Kadzo alikuja dirishani. Alikuwa amekonda. Alinipa karatasi ya daktari, nikaona ni dawa ile ile ya mumewe. Nikashika kalamu, nikashindwa kuanza.

"Andika, sista," akasema. "Andika kubwa."

Nikaandika. Akaniomba nimsomee, kisha akalirudia jina lile mara tatu, kwa sauti, foleni nzima ikisikia.