Udongo wa lab ndio huohuo niliompelekea mke wangu mjamzito

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, leo naiacha ikae. Yote yalinipata mimi, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa chemistry, mtu wa Kakamega, naishi Manyatta. Mke nilimtoa Bondo, kwa hivyo mtaani wanamwita Nyar Bondo, yaani binti wa Bondo.

Alipokuwa na mimba ya pili alitamani odowa. Kwa wasioijua, ni ule udongo mgumu unaouzwa sokoni vipande vipande, wajawazito wengi huku wanaulamba na kuutafuna.

Mnunuzi nilikuwa mimi. Kila Jumamosi napita kwa Min Otis, mama anayeuza odowa karibu na wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Akiniona tu anaanza: "Mwalimu, hii mimba ni ya Nyar Bondo ama ni yako?" Wenzake wanacheka, nami nacheka, ananiongezea kipande.

Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Vikamletea kichefuchefu. Akagundua kwamba akimeza kidonge na kulamba odowa papo hapo, tumbo linatulia.

Nikamwambia vizuri sana. Nikamwonyesha ile rangi nyekundu ya udongo, nikamweleza kuwa hiyo ni chuma, na chuma ndicho kinachojenga damu. Kwa hivyo anapata mara mbili.

Nilieleza vizuri, wakuu. Kueleza ndiyo kazi yangu.

Muhula huohuo wanafunzi wangu wa Form Three walikuwa na project ya mashindano ya sayansi: jinsi ya kutoa madini kwenye maji machafu. Tulichukua maji ya copper sulphate, yale ya bluu, tukayagawa chupa tatu. Ya kwanza tukatia utelezi tuliokwangua kwenye mawe ya ufuoni. Ule utelezi ni bakteria wengi wanaoishi pamoja. Ya pili tukatia udongo uliosagwa. Ya tatu tukaiacha hivyo hivyo.

Ngoja niende polepole hapa, si ngumu.

Madini yakiyeyuka majini huwa na chaji chanya. Ngozi ya bakteria na uso wa udongo zina chaji hasi. Vinavutana. Bakteria wengine huyaingiza madini mpaka ndani ya mwili. Udongo wenyewe una tabaka nyembamba sana, huyashika juu yake na katikati ya hizo tabaka.

Kesho yake chupa ya tatu ilikuwa bluu vilevile. Ya bakteria ilikuwa imefifia. Ya udongo, ukiitazama tu, ungedhani ni maji ya kunywa.

Msichana mmoja akauliza kama udongo unashika copper peke yake. Nikamwambia: "Hauchagui. Ukikuta chuma, unashika chuma."

Darasa likaandika.

Na huo udongo, wakuu, nilikuwa nimeununua kwa Min Otis. Mfuko mmoja. Nusu nikasaga lab, nusu nikapeleka nyumbani.

Sikuunganisha. Hata leo sijui kichwa changu kilikuwa wapi.

Mimba ikiwa ya miezi saba walipima damu, ikawa chini sana. Nesi akauliza kama vidonge anameza. Kila siku, akajibu. Na kitu kingine? Akataja odowa. Nesi akataka kujua nani alimwambia ni sawa.

"Mwalimu alisema iko na chuma," akasema, akinielekezea kidole. Hakunishtaki. Alisema kama mtu anayejivunia mumewe.

Nesi akaeleza kwamba chuma cha udongo mwili haukipati, na udongo ukiwa tumboni hukamata hata kile cha kidonge. Hilo la pili nililijua kabla hajalisema.

Uchungu ulikuja mapema. Damu kidogo aliyokuwa nayo ikamwagika. Wakamwongezea, akapona. Mtoto, msichana, hakufika siku ya tatu.

Daktari hakusema ni odowa. Alisema mambo kama haya huwa na sababu nyingi. Nami siwezi kusema zaidi yake. Lakini sehemu yangu naijua.

Project ikashinda. Wanafunzi, wakitaka kunifariji, wakaniletea cheti nyumbani pamoja na zile chupa.

Mke wangu akainua ile angavu, akaniuliza rangi ilienda wapi. Nikamweleza. Chaji, tabaka, yote, taratibu kama ninavyoeleza siku zote. Nilipofika kwa udongo ulikotoka, nikamtaja Min Otis.

Akauliza, "Hii ulifunza kabla ya mtoto ama baadaye?"

Nikasema kabla.

Akairudisha chupa mahali pake, akatoka kwenda kuanua nguo.

Hajaniuliza tena chochote kuhusu kazi yangu.

Somo: kama nyumbani kuna anayelamba odowa, usimcheke wala kumgombeza, ataificha. Aitaje kliniki, na asiichanganye na vidonge vya damu. Na wewe uliyesoma, kagua unachokijua kabla hujavuka mlango wa nyumba yako.

Mwenye lililompata karibu na hili aliandike hapo chini. Asiyeelewa ile sayansi aulize pia, asione haya. Nitamjibu polepole mpaka aelewe. Hiyo bado naiweza.