Mkungu Uliopelekwa Msibani

Polikarpi alinipigia saa mbili usiku. Ni jirani wa dada zangu kule Nyakatuntu, na hakuwahi kunipigia hata siku moja.

"Kantengwa amezidiwa," akasema. "Anakutaja. Lakini Placida hajui kama nimekupigia."

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haipatikani, mpaka chaji yangu ikaisha. Sikulala. Kila mbwa alipobweka hapa Kituntu nilidhani kuna mtu analeta habari.

Kantengwa na Placida ni watoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni dada. Nilipokuwa mdogo, kila likizo ya mwezi wa sita mama alinipeleka kwao. Kantengwa alinibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa wa kutembea. Placida alinifundisha kumenya ndizi huku akinicheka: "Kinachotembea ni kisu, wewe mtoto, siyo kidole!" Tulilala watatu kitanda kimoja, mimi katikati.

Miaka kumi na moja iliyopita mama mkubwa alifariki. Mtoto wangu alikuwa amelazwa, anaongezewa damu, nami sikuweza kumwacha. Nikamwambia mume wangu apeleke mkungu msibani. Yeye ni fundi cherehani, shamba halijui. Akakata mkungu mkubwa kuliko yote, akampa mtu wa pikipiki. Ulikuwa wa ndizi za pombe.

Msibani watu huleta ndizi za kupika, ili waombolezaji wapate kula. Za pombe ni za harusi. Wanawake waliuona ulipotua tu. Placida akatuma neno: "Mwambieni Nikuze sherehe yake imetufikia." Tangu hapo hakupokea simu yangu, nami niliogopa kwenda. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na woga ukazidi kunenepa.

Kulipopambazuka nilisimama shambani na panga, nikagusa mkungu huu na ule. Sikuthubutu kukata hata mmoja. Nikabeba sukari na sabuni.

Ndani ya gari la Nkwenda niliwasikiliza abiria wote, nikihofia kusikia mtu akitaja msiba. Niliposhuka Nkwenda nikapanda pikipiki.

"Mama, unanishika au unanikamata?" dereva akauliza.

"Nenda polepole."

"Nikienda polepole kuliko hivi, tutafika kesho."

Nilimsimamisha kabla ya kona, nikachungulia kwanza. Uani hapakuwa na moto wala mabenchi ya msiba. Shuka moja lilikuwa limeanikwa. Mlango umefungwa, madirisha pia.

"Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi hapa."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Placida.

"Shikamoo dada. Ni Nikuze."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nikuze wa Kituntu? Leo kuna harusi gani?"

"Nimekuja kumwona Kantengwa. Yuko hai, dada? Niambie hilo tu, nitaondoka."

Mlango haukufunguka. Nikausemesha ule mlango yote niliyopaswa kuyasema zamani: mtoto wodini, chupa ya damu, mume wangu asiyejua ndizi.

"Mtoto gani huyo?" akauliza.

"Uwiduhaye."

"Alipona?"

"Alipona. Yuko darasa la saba."

"Na mdomo ulikuwa nao. Mbona hukusema?"

"Niliogopa, dada."

"Umeogopa mpaka mtoto amefika la saba!"

Ndani kabisa mtu akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, chembamba, hakina nguvu, na kilipokoma nilingoja kingine, hakikuja. Nikapiga mlango kwa kiganja.

"Placida! Dada!"

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka upana wa mkono. Placida alisimama hapo, kichwa kimejaa mvi, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Futa uso kwanza," akanong'ona. "Ukiingia unalia, Kantengwa atajua hali yake ni mbaya."

Nikafuta kwa ncha ya kitenge, mara mbili. Ndipo akaufungua wote.